Chuma cha Ugweno na Adabu ya Kuchimba

Vijana wa Kileo, wilayani Mwanga, wakitajiwa madini huwaza Merelani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 ikavuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Wachache wanajua kwamba milima iliyo juu ya kijiji chao, hasa Ugweno iliyo Upare Kaskazini, ilikuwa nchi ya madini karne nyingi kabla ya hapo. Madini yenyewe yalikuwa chuma.

Kukipata hakukuhitaji mashimo marefu. Mvua huosha miamba ya Upare Kaskazini, na vijito hushuka na mchanga mweusi, mzito, unaotuama kwenye kona za maji. Hata leo, chukua sumaku ya spika kuukuu ya redio uiburute kwenye mchanga huo: itatoka imeota ndevu nyeusi. Wazee waliuosha mchanga mpaka udongo mwepesi ukaondoka, wakauyeyusha kwa makaa ya miti katika matanuru ya udongo, mivukuto ikichochea moto. Mavi ya chuma yaliyobaki bado yanaokotwa mashambani, na wanaakiolojia wameyachunguza.

Uhunzi ulikuwa kazi ya ukoo, na ukoo huo ni Washana. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kutoa kitabu chake mwaka 1969, anaeleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno hadi walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya, ulioongozwa na Angovi, yapata karne ya 16. Mwanawe, Mranga, akaimarisha dola na kuusimika mpango wa jando. Enzi ilihama, lakini nyundo ilibaki kwa Washana, kwa sababu ujuzi hauporwi kama kiti. Mtawala mpya naye alihitaji majembe na mikuki.

Na jembe halikuishia shambani. Lilitolewa mahari, hivyo kazi ya mhunzi ilishiriki kufunga undugu wa koo mbili. Wachaga nao walitegemea chuma cha Upare, wahunzi wao wakakifua silaha na zana. Biashara hiyo ilidhoofu pale chuma cha kigeni kilipoanza kupanda kutoka pwani kwa misafara.

Tanuru hula miti, na Wapare walikuwa na mahali ambapo shoka halikuruhusiwa. Mpungi ulikuwa msitu wa matambiko ya ukoo. Mshitu ulikuwa msitu wa kuwafunda vijana. Huko hakukukatwa hata fito. Sisemi milima haikuumia: mmomonyoko wa udongo ni wa zamani Upare. Nasema kulikuwa na mpaka, na kila mtu aliujua tangu utotoni.

Mpaka huo ndio tunaouhitaji sasa. Upare Kusini, wilayani Same, wachimbaji wa dhahabu wasio na vibali wamewahi kuuvamia msitu wa Chome, ulioko kwenye mlima Shengena, chanzo cha mito inayotegemewa na vijiji vya chini. Anayechimba kwa kuvizia hana mzee wa kumuuliza, wala jirani wa kumlipa maji yakichafuka. Sheria na askari wa misitu ni lazima wawepo, lakini peke yao hawatoshi. Historia ya Washana ifundishwe katika shule za Mwanga na Same, na wazee wa koo wapewe kiti katika kamati za misitu za vijiji. Mali ya mlima ina wenyewe, na miongoni mwao ni watoto ambao hawajazaliwa.