Je, Wajua? Bei ya Kifaa Huamuliwa Kabla Kiwanda Hakijawashwa

Tukiona redio, tochi ya sola au simu ya bei nafuu kutoka China, jibu huwa tayari mdomoni: kule mishahara ni midogo. Mshahara ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu nyingine hupigwa mapema, mezani kwa msanifu, anapoamua kifaa kiwe na skrubu ngapi, bodi ya aina gani na kasha la umbo gani. Akishakosea hapo, kiwanda hakina muujiza.

Je, wajua kwamba kuna simu mpya iliyouzwa dola 12, na haikuwa na skrubu hata moja?

Mwaka 2013 mhandisi Mmarekani Andrew Huang, maarufu kwa jina la bunnie, aliinunua sokoni Shenzhen, kisha akaifungua aone siri yake. Ilikuwa na Bluetooth, ilipiga muziki wa MP3, na vitufe vyake viliwaka taa. Ndani alikuta chipu kubwa mbili tu. Kasha lilijibana kwa meno yake lenyewe. Soketi za kuunganishia vipuri karibu hazikuwepo: kuanzia kioo hadi betri, vyote vililehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Antena ya Bluetooth ilikuwa kipande kifupi cha waya. Kila soketi iliyoondolewa ni kipuri kisichonunuliwa, na kila skrubu iliyoachwa ni sekunde kadhaa za mfanyakazi zilizookolewa. Zidisha hizo kwa simu laki moja, utaona dola zinakotoka.

Je, wajua kwamba kipuri hupewa mtihani wa maswali matatu?

Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, wahandisi waliofanya kazi Marekani, ndio waliousambaza utaratibu huu viwandani kuanzia miaka ya 1980. Je, kipuri hiki hujongea kikilinganishwa na vingine? Je, ni lazima kiwe cha malighafi tofauti? Je, kikiunganishwa na jirani yake, kifaa kitashindwa kufungwa au kufunguliwa? Kama majibu yote ni hapana, kipuri hicho hakistahili kuwepo peke yake. Kiunganishwe na kingine. Skrubu nyingi hufeli mtihani huu, na hapo ndipo yale meno ya plastiki yanapochukua nafasi yake.

Je, wajua kwamba tajiri mmoja wa televisheni alitembea na koleo ya kukatia?

Earl Muntz wa Marekani, aliyeingia katika biashara ya televisheni miaka ya 1940, alikuwa na sifa ya kumsogelea mhandisi wake na kukata vipuri kimoja kimoja kutoka kwenye seti inayofanya kazi. Picha ikipotea, alisema hicho kirudishwe, akaendelea na kingine. Alifanikiwa kuuza televisheni chini ya dola 100. Lakini seti zake zilishika picha vizuri mijini tu, karibu na mitambo ya kurushia matangazo. Vipuri alivyokata vilikuwa na kazi pale mawimbi yanapodhoofika. Wahandisi wa Marekani bado hulitumia jina lake kuitaja tabia hiyo.

Je, wajua kwamba lile tone jeusi ndani ya rimoti ni chipu isiyo na nguo?

Fungua rimoti ya bei nafuu. Mara nyingi utakuta bodi ya kahawia, ya karatasi iliyogandishwa kwa resini, badala ya ile ya kijani yenye nyuzi za kioo. Njia za umeme ziko upande mmoja. Katikati kuna tone jeusi lililokauka. Chini yake kuna chipu iliyobandikwa moja kwa moja kwenye bodi, ikaunganishwa kwa nyaya nyembamba mno, kisha ikamwagiwa epoksi. Kiwanda kimeokoa gharama ya kuivalisha chipu kasha na miguu ya chuma. Vitufe navyo havina swichi: chini ya mpira kuna kipande cha kaboni kinachogusa bodi na kufunga njia ya umeme.

Kagua na kingo. Ukiona vijimeno vidogo, ujue bodi hiyo ilitengenezwa pamoja na nyingine kwenye bamba moja kubwa, zikatenganishwa mwishoni. Msanifu akipunguza milimita chache, huenda bamba lile lile likatoa bodi nyingi zaidi.

Je, wajua kwa nini kuta za kasha la plastiki huinama kidogo?

Kasha hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa, lazima itoke bila kukwaruzika, kwa hiyo kuta hupewa mwinamo wa digrii 1 au 2. Ni kama ugali: ukiupindua kutoka kwenye bakuli la mdomo mpana unaachia, lakini kwenye chungu chenye shingo hautoki mzima. Tundu au ndoano iliyokaa vibaya huilazimu kalibu iwe na sehemu za kuteleza pembeni, na bei yake hupanda.

Kalibu ya chuma hugharimu maelfu ya dola kabla ya kasha la kwanza kutoka. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi hawachongi yao. Hutumia kalibu ambazo kiwanda tayari kinazo. Ukikuta kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue pawabenki mbili za majina tofauti zenye umbo lile lile, huenda zimetoka kwenye kalibu moja.

Je, wajua kwamba kodi ilichangia kuipeleka kompyuta ya Uingereza ng'ambo?

Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa 29 Februari 2012 kwa dola 35, ilitakiwa na waanzilishi wake itengenezwe nyumbani. Kikwazo kimojawapo walichokitaja ni kodi: vipuri vilivyoagizwa vilitozwa, huku kifaa kilichokamilika ng'ambo kikiingia bila tozo hiyo. Kazi ikaenda China. Machi mwaka huo ikagundulika kwamba kiwanda kimeweka soketi za mtandao zisizo na transfoma ndogo za ndani. Ilibidi zibadilishwe, na mzigo wa kwanza ukachelewa. Ndiyo sababu wasanifu wanaoagiza kazi mbali huandika namba kamili ya kila kipuri, pamoja na mbadala wanaoukubali. Septemba ikatangazwa kwamba sehemu kubwa ya utengenezaji inahamia kiwanda cha Sony huko Pencoed, Wales.

Je, wajua kwamba nauli ya ndege hutozwa hata kwa hewa iliyomo ndani ya boksi?

Katika mizigo ya ndege, kila sentimita za ujazo 6,000 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kilo 1. Boksi la sentimita 30 kwa 20 kwa 10 litalipiwa kilo nzima hata kama kifaa kina gramu 400. Boksi likipunguzwa unene, nauli hupungua. Betri nazo zina sheria zake: tangu 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake hazipakiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi chaji ya asilimia 30.

Je, wajua kwamba kupunguza si lazima kumwumize mtumiaji?

Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuja bila kamera na bila kioo cha rangi. Lakini wasanifu waliipa tochi, na vitufe vyake wakavifunika kwa kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisipenye. Waliijua nyumba isiyo na umeme na barabara ya vumbi, wakajua cha kuacha na cha kuongeza. Iliuzwa zaidi ya milioni 250, na simu ya bilioni moja ya Nokia, iliyouzwa Nigeria mwaka 2005, ilikuwa ya aina hiyo. Huku kwetu simu za tochi zikapata jina la mulika mwizi.

Je, wajua kwamba sheria sasa imeingia mezani kwa msanifu?

Rahisi ghali, na bili humfikia fundi. Betri iliyolehemiwa kwenye bodi haibadilishwi kwa kucha. Kasha lililobanwa kwa meno huvunjika likifunguliwa vibaya. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni kwamba kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vilivyosamehewa. Kiwanda kinachotaka soko hilo kitalazimika kuchora upya kasha lake. Asiye na sheria ya namna hiyo anaweza kuanza na swali moja dukani kabla ya kutoa pesa: hii inafunguliwaje?