Mashine Ikijiendesha, Kosa ni la Nani?

Mjomba wangu wa Kahama aliendesha mashine ya kuzoa mawe chini ya ardhi kwa miaka kadhaa. Nilipokuwa likizo aliniambia kwamba mashine ile uliiendesha kwa mgongo: ukikaa kitini unausikia mwamba, unajua ndoo imeshiba au bado. Hata kwenye makarasha ya Nyarugusu, aliyezoea hutambua kwa sikio tu kama mawe yamesagika.

Maarifa hayo ya mwili sasa yanawekwa kando taratibu. Mfano wa karibu ni mgodi wa Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Unaendeshwa na Barrick, na AngloGold Ashanti ni mbia wake. Ndizo kampuni tunazozijua huku kwa Bulyanhulu na Geita. Huko mashine za kuzoa mawe hufanya kazi mamia ya mita chini ya ardhi bila dereva ndani. Opereta hukaa chumbani, juu kabisa, mbele ya skrini. Huongoza ndoo ijae, kisha mashine inakwenda kumwaga na kurudi yenyewe. Mtu mmoja husimamia mashine kadhaa. Mtu akivuka kizuizi cha eneo lile, mashine husimama.

Aliyewahi kuzika mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba hawezi kubeza chumba hicho. Mimi sikibezi.

Lakini mzigo uliotoka mgongoni umehamia kwenye umakini, na hapo ndipo binadamu ni dhaifu. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio yaliyotokana na tatizo la askari waliokesha wakitazama rada. Aliwaweka watu watazame mshale kama wa saa, waseme kila unaporuka hatua mbili. Baada ya nusu saa tu walianza kukosa kuona mengi zaidi. Hawakuwa wavivu; ndivyo akili ilivyo. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge akaongeza jambo linalonisumbua zaidi: kadiri mashine inavyofanya kazi yenyewe, ndivyo mtu anavyopoteza mazoezi, na bado tunamwita yeye siku mashine inaposhindwa. Yaani anaitwa wakati mgumu kuliko yote, akiwa na mkono uliopoa.

Ndugu msomaji, sasa fikiria saa tisa usiku. Opereta yuko saa ya tisa ya shifti, kengele za tahadhari zimelia mara ishirini bila sababu, ya ishirini na moja ni ya kweli naye anachelewa. Taarifa itaandikwa kwa maneno mawili tunayoyapenda sana: uzembe wa opereta.

Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Mtakatifu Tomaso kwamba tendo la hiari linahitaji ujuzi na utashi. Aliyekuja kazini amelewa ana hatia yake. Lakini aliyedaiwa kukodoa macho kwa namna ambayo macho ya binadamu hayawezi, kosa lake kubwa linakaa kwa aliyepanga kazi hiyo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliandika kwamba teknolojia ni rafiki wa mfanyakazi, ila yaweza kugeuka kama adui inapomnyang'anya ridhiki ya kazi na moyo wa kuwajibika. Kumwacha mtu atazame tu, kisha kumlaumu, ni kumnyang'anya ridhiki na kumwachia lawama.

Dawa zake si za ajabu: zamu fupi za kutazama, kengele chache zinazoaminika, na kuwauliza maopereta kabla ya kununua mtambo, si baada ya ajali. (Hili la mwisho, kwa nilivyosikia, ndilo husahaulika.)

Mjomba naye ana la kwake. Anataka kila opereta wa chumbani ashushwe chini siku chache kila mwezi, akalie kiti na aendeshe kwa mkono wake. Anasema kijana asiyewahi kuusikia mwamba, siku picha ikipotea kwenye skrini, hatajua hata aogope nini.