Mtoto Akiwa China, Asifiche Homa



Katika vijiji vyetu vya chini ya milima ya Udzungwa, kuanzia Kidatu na Sanje hadi Mang'ula na Ifakara, habari za China si ngeni. Wazee wetu waliwaona Wachina kwa macho yao walipokuja kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, na pale Mang'ula walikuwa na kambi kubwa. Mwaka 1972, reli ikiwa bado inajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Waliowafuata ni wengi. Siku hizi watoto wetu huenda kusomea udaktari, uhandisi, kompyuta na biashara. Wengine hulipiwa na serikali ya China, na wengine hulipiwa na wazazi waliouza mpunga na miwa.

Ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, sisi tulio katika kazi ya uuguzi tungependa kuwaambia akina mama wenzetu neno moja: miezi ya kwanza ndiyo mizito, na kinachoweza kumdhuru mtoto kuliko baridi na chakula kigeni ni kunyamaza.

Mji mkubwa, lugha ngumu

Binti mmoja wa hapa kwetu alikwenda kusoma Wuhan, mji wenye watu zaidi ya milioni 10, uliogawanywa na Mto Yangtze. Alipokuja likizo tuliketi naye akatusimulia.

Alifika mwezi wa Septemba, wakati mwaka wa masomo unapoanza, akakuta joto kali kama la Ifakara kabla ya mvua. Koti alilonunuliwa kwa bei kubwa likabaki sandukuni. Lakini Desemba ilipofika aliona baridi hata ndani ya chumba, kwa maana majengo ya Beijing na miji ya kaskazini hupashwa joto kwa mabomba, bali Wuhan kwa kawaida hayapashwi hivyo. Alijifunza kulala na chupa ya maji ya moto miguuni.

Maji ya kunywa pia aliletewa ya moto, maana ndiyo desturi yao. Asubuhi watu walikula tambi barabarani, wamesimama. Ugali haukuwapo. Hata hivyo, tambi zile huchanganywa na ufuta uliosagwa, na harufu ya ufuta aliijua tangu nyumbani. Ndicho chakula cha kwanza alichokula akashiba.

Lugha ndiyo iliyomliza. Katika Kichina, sauti ikipanda au ikishuka maana hubadilika: neno "ma" laweza kuwa mama, laweza kuwa farasi, laweza kuwa kugombeza. Wanaosoma kwa Kichina hutumia kwa kawaida mwaka mzima kujifunza lugha kabla ya kuanza masomo yenyewe. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani hapa nyumbani hujiona bubu. Asishangae, na mzazi asimcheke.

Homa ya wiki ya pili

Wiki ya pili binti huyo alishikwa na homa, kichwa kikamuuma na viungo vikalegea. Akadhani ni uchovu wa safari. Alimeza panadol akaenda darasani. Mama yake alipopiga simu, alijibu: "Mama, niko salama, usiwe na wasiwasi." Siku ya tatu alishindwa kuinuka. Aliyemwokoa ni dada mmoja Mzambia wa chumba cha pili, aliyemshika mkono hadi hospitali na kumwambia daktari: "Huyu ametoka Afrika, mpimeni malaria." Damu ilipopimwa, malaria ikaonekana.

Akina mama, hapo ndipo tunapotaka mtusikilize sana. Bonde letu la Kilombero lina malaria nyingi. Mtu anaweza kuumwa na mbu hapa Sanje leo, akapanda ndege akiwa mzima, na homa ikaanza wiki moja, mbili au zaidi baadaye. China ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Juni 2021 kuwa nchi isiyo na malaria. Kwa hiyo daktari wa huko anaweza kuwa hajapata kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Homa ile mwanzoni hufanana na mafua, na malaria ikicheleweshwa huua.

Tena, mtoto akikaa huko mwaka mzima, kinga aliyoijenga mwilini kwa kuumwa mara kwa mara hupungua. Akija likizo alale ndani ya chandarua kama mgeni, asiseme, "Mimi ni mwenyeji."

Kwa nini alificha?

Tulimwuliza. Akasema alikumbuka michango iliyofanywa kanisani, na shamba lililouzwa. Aliona aibu kusema anaumwa kabla ya kumaliza mwezi. Tena kila simu kutoka nyumbani ilianza na swali moja: "Umeanza vizuri?" Hakupata nafasi ya kujibu hapana.

Kabla hajaondoka

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, mwambie kwa kinywa chako: "Ukiumwa, ukilia, ukishindwa, niambie mimi kwanza."

Pili, aandikiwe katika karatasi, kwa Kichina, kwamba ametoka penye malaria, nayo ikae pamoja na pasipoti. Akipata homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza, apimwe damu siku hiyo hiyo. Hospitalini huko mgonjwa huenda na pasipoti, hujiandikisha, hulipa, ndipo humwona daktari. Kwa hiyo asikose akiba ndogo, na aulize mapema bima yake inalipia nini.

Tatu, ajue kwamba ndani ya siku 30 za kwanza, mwenye viza ya masomo marefu huomba kibali cha ukaazi, na kwa kawaida hupimwa damu na kupigwa picha ya kifua. Asiogope. Lakini kupita uchunguzi huo hakumaanishi kwamba homa haitakuja.

Nne, WhatsApp imefungwa China. Kijana asiposikika siku mbili, huenda ni hilo tu. Wekeni WeChat katika simu zenu kabla hajapanda ndege, mkaijaribu. Na kumbukeni saa: wao wametutangulia kwa saa 5. Ukipiga saa mbili usiku baada ya chakula, kwake ni saa saba usiku. Saa tisa alasiri ni nzuri, maana kwake ni saa mbili usiku, ametoka masomoni.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Binti yetu alipona na anaendelea na masomo. Siku hizi mama yake akipiga simu haanzi kwa kuuliza masomo. Huuliza: "Umekula nini leo, na mwili unasemaje?" Kisha hunyamaza, akangoja jibu.