Mlango wa Chembe na Adui Aingiaye



Katika nyumba zetu na madarasa yetu ya ubatizo twasikia mara kwa mara swali hili: Mtu mwenye UKIMWI aliyeombewa, naye ajiona ana nguvu, kwa nini asiache dawa? Twataka kulijibu kwa kueleza jinsi adui huyu aendavyo ndani ya mwili.

Baadhi ya chembe nyeupe za damu ni kama askari walinzi wa mwili. Juu ya ngozi ya chembe hizo pana vipokezi, navyo hupokea habari kutoka kwa chembe nyingine. Mwaka 1984 wataalamu walitambua ya kuwa virusi vya UKIMWI hushika kwanza kipokezi kiitwacho CD4. Mwaka 1996 wakatambua ya kuwa virusi vingi huhitaji tena kipokezi cha pili, CCR5. Basi mlango una makomeo mawili, na adui hana budi kuyafungua yote.

Akiisha kuingia, huigeuza chembe kuwa karakana yake. Chembe hiyo hutokeza juu ya ngozi yake ile protini ya virusi ishikayo CD4. Ikigusana na chembe isiyo na ugonjwa, hunasa CD4 ya jirani. Chembe mbili hushikamana, na virusi vingi huvuka papo hapo.

Dawa huizuia kazi hiyo. Mojawapo, maraviroc, huziba CCR5. Lakini chembe chache hulala na virusi ndani yake, wala dawa haziviondoi humo. Dawa zikiachwa, chembe hizo huamka, na virusi hurudi, mara nyingi baada ya majuma machache tu.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusimwambie mtu kuacha dawa kwa kuwa tumemwombea. Tumwombee, tena tumkumbushe saa ya dawa. Azitumiaye kwa uaminifu hata virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Wala tusimtengee kikombe na sahani, maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono.

Mungu atujalie kuwatunza ndugu zetu hawa kwa upendo na kwa akili.