Kutapika Kunaporudi Mwezi wa Nane

Mimba ikitimiza miezi minne, wajawazito wengi huagana na kichefuchefu. Mama wa wiki 35 akianza kutapika upya, nyumbani wataambiana ni kiungulia, na duka la dawa litamuuzia vidonge vya malaria. Mara nyingi wanapatia. Lakini lipo tatizo la nadra linaloanza hivyo hivyo, na kwa siku chache tu likaliangusha ini: ini kujaa mafuta ghafla wakati wa ujauzito.

Hukadiriwa kumpata mjamzito mmoja kati ya 7,000 hadi 20,000, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Ni tofauti na ini lenye mafuta la watu wanene na wenye kisukari. Hilo hujengeka kwa miaka. Humwongezea mjamzito hatari ya kisukari cha mimba na presha, lakini linampa daktari muda wa kufuatilia. Hili la ghafla halisubiri, na huwapata hata wembamba. Mimba ya mapacha huongeza hatari.

Mafuta hayo yanatoka wapi? Katika baadhi ya familia, jibu liko kwa mtoto aliye tumboni. Akirithi kwa baba na kwa mama hitilafu ya kimeng'enya kinachovunja mafuta ya minyororo mirefu, yeye na kondo lake hushindwa kuyamaliza. Mabaki huingia katika damu ya mama, ambaye naye amebeba nusu ya hitilafu hiyo. Ini lake huelemewa, na matone madogo ya mafuta hujaa ndani ya seli zake.

Hapo kazi za ini huanza kukwama moja baada ya nyingine. Ini ni ghala la sukari: tone la damu ya kidoleni likipimwa, sukari inaweza kuwa chini mno, na mama akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Ini hutengeneza vigandisha damu: sindano ikichomolewa, damu haikatiki. Tumbo huuma juu upande wa kulia, na wengine huwa na kiu isiyoisha na kukojoa sana. Macho huwa ya njano. Kwa ngozi nyeusi, tazama weupe wa jicho kwenye mwanga wa mchana.

Malaria kali, homa ya ini na presha ya mimba iliyopanda sana hufanana na hali hii. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikiwa hasi, uchunguzi usiishie hapo: ipimwe sukari, ini, figo na uwezo wa damu kuganda. Hata ultrasaundi ikionyesha ini zuri, shaka haijaondoka.

Hakuna dawa ya kuyatoa mafuta hayo mimba ikiwa bado ipo. Tiba ni kuzalishwa mapema, kwa kuanzishiwa uchungu au kwa upasuaji, bila kungoja mimba itimie. Kwanza mama hutundikiwa dripu ya sukari na kuongezewa damu au plazima. Zamani wengi walikufa. Leo, wakiwahishwa, walio wengi hupona na ini hurudia hali yake. Siku za kwanza baada ya kujifungua bado ni za kuangaliwa kwa karibu, maana damu inaweza kutoka bila kukoma.

Mtoto huweza kufia tumboni, au kuzaliwa njiti mwenye sukari ya chini. Akipona, achunguzwe kile kimeng'enya. Mwenye hitilafu hiyo hapaswi kukaa na njaa muda mrefu, na huhitaji maziwa maalumu. Bila hivyo, homa ya kawaida tu inayomkatisha kunyonya inaweza kumuua. Wazazi wa mtoto mwenye hitilafu hiyo nao wajue kwamba kila mimba ijayo ina nafasi moja kati ya nne ya kurithi hali hiyo.

Kwa hiyo, mama wa miezi ya mwisho, ukianza kutapika upya, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nenda leo, na mwambie mkunga siku kutapika kulipoanza.