Mwenye Nyumba wa Tawi Kavu

Kwetu sisi watu wa pwani, mti mkavu uliosimama ni kuni. Anayewaza chungu cha jioni huona moto kabla ya kuona kitu kingine. Lakini katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko baina ya Kilifi na Malindi, yuko ndege ambaye tawi hilo hilo ndilo nyumba yake na ghala lake.

Ndege huyo ni kigogota mdogo, ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Urefu wake ni sentimita 15 hivi, na uzito wake wa gramu 30 hivi haufikii yai la kuku. Kifua chake kina michirizi myeusi. Dume hutambulikana kwa kisogo chekundu. Cha jike ni cheusi. Huishi katika nyika na misitu mikavu ya nchi nyingi za Afrika, na hata katika mashamba yetu yenye miti.

Mwenyezi Mungu amempa zana za kazi yake. Vidole viwili vya mguu huelekea mbele na viwili nyuma, apate kushika gome. Mkia wake mgumu humtegemeza asiteleze. Na ulimi wake mrefu huingia matunduni kuwatoa mabuu wa wadudu. Hugonga matawi membamba, na mara nyingine hata mabua ya mahindi, akila wadudu ambao mkulima asingependa wazidi.

Wakati wa kuzaa ukifika, dume na jike huchonga pamoja tundu katika mti uliokufa, kwa kuwa umelainika. Jike hutaga mayai meupe, aghalabu mawili au matatu. Wote wawili hupokezana kuyaatamia kwa muda usiotimia wiki mbili, kisha hulisha makinda karibu wiki nne. Wakihama, tundu hurithiwa na viumbe wengine wasioweza kujichongea.

Kigogota huyu bado ni wengi barani, wala hatumlilii kama aliyekwisha kutoweka. Tunachohofia ni kutoweka kwake karibu nasi. Tukisafisha kila tawi kavu shambani, hatabaki na pa kuchonga, na wale wanaomrithi watakosa makao pamoja naye.

Hatusemi jiko lizimwe. Tunasema tuanze na kuni zilizokwisha kuanguka; na likiwapo tawi kavu juu ya mkorosho au mwembe, lisilomhatarisha mpita njia, tuliache lisimame. Kabla ya kulikata lolote, tulitazame kwanza: tundu la mviringo huenda lina makinda ndani. Na tuwaonyeshe watoto wetu, wapate kujua mapema kwamba viumbe hawa ni amana tuliyokabidhiwa, nasi tutaulizwa juu yake.