Je, Wajua? Python, Faili za Data na Bando la Malakia

Je, wajua kwamba anwani "Malakia, Juba" inatosha kuvuruga jedwali zima? Faili ya CSV hutenganisha safu kwa alama ya mkato. Ukiikata mistari kwa mkono, kila penye mkato, Malakia inabaki kwenye safu yake na Juba inasukumwa kwenye safu ya simu. Moduli ya csv iliyomo ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu, hujua kwamba mkato uliofungiwa kwenye alama za nukuu si mpaka wa safu.

Wajua kwamba moduli hiyo iliutangulia waraka wa RFC 4180 ulioeleza CSV ni kitu gani? Iliingia na Python 2.3 mwaka 2003. Waraka ulitoka Oktoba 2005. Watu walikuwa wameitumia CSV kwa miongo kadhaa, kila mmoja kwa namna yake.

Na namba za simu? Nchini Sudan Kusini, namba za mtandao wa Zain huanza na 091 na za MTN 092. Fungua orodha ya CSV kwa Excel kwa kubofya tu, sifuri ya mbele inatoweka, maana Excel imeamua hiyo ni hesabu. Moduli ya csv haiamui lolote: kila kitu hukupa kama maandishi, sifuri na yote. Wapo wanaouona huo kuwa uvivu. Mimi nauita adabu.

Kwa nini tujali kilichomo ndani na kilichobaki nje? Kwa sababu Python hushushwa mara moja, kwenye Windows faili isiyofika MB 30, na unaweza kumpa jirani kwa flashi. Kila cha ziada huvutwa kwa amri ya pip kupitia mtandao, na Malakia bando ni pesa ya mtu mwenyewe.

Wajua kwamba faili ya xlsx, ile ambayo mashirika ya misaada ya Juba hutumiana kutwa, ni zipu tu? Badilisha mkia wake uwe .zip, uifungue, utakuta mafaili ya XML. Python ina zipfile na kisomaji cha XML ndani yake. Kwa hiyo, mwenye subira anaweza kusoma Excel bila kushusha kitu. Mwenye haraka atashusha openpyxl.

Moduli ya JSON, muundo mwingine wa data, iliingia Python 2.6, mwaka 2008. Lugha ya Go ilitoka nayo tangu toleo la kwanza, 2012. Java? Hadi toleo la 21 la mwaka 2023, maktaba yake ya msingi ina XML lakini haina JSON. C haina hata kimoja.

YAML, muundo mwingine tena, haimo ndani ya Python, na pengine ni heri. Chukua nchi tatu zilizounga mkono kwa pamoja mazungumzo ya amani ya Sudan Kusini: Marekani, Uingereza na Norwei. Ziandike kwa vifupisho vyake vya kimataifa, US, GB na NO, kisha zisome kwa PyYAML, maktaba ya nje inayofuata YAML 1.1. Utapata US, GB na "si kweli". Norwei imegeuka jibu la hapana! YAML 1.2 ilirekebisha jambo hilo mwaka 2009, lakini desturi ya zamani haikufa.

TOML, muundo wa faili za mipangilio, ilikaribishwa mwaka 2022, kwenye Python 3.11, kwa sharti moja: tomllib husoma tu, haiandiki. Sababu ni ya nyumbani kabisa. Mipangilio ya vifurushi vya Python vyenyewe ilikuwa imeshahamia kwenye TOML, na lugha haikuwa na chake cha kuisomea.

Wajua kwamba simu ya Android mfukoni mwako imebeba hifadhidata za SQLite? Moduli ya sqlite3 imo ndani ya Python tangu 2006. Waundaji wa SQLite wamesema wanakusudia kuitunza hadi mwaka 2050.

Haya sasa, majina. Wadinka huiita lugha yao Thuɔŋjäŋ. Ihifadhi kwenye CSV ya UTF-8, uifungue kwa Excel, na mara nyingi utaona ThuÉ”Å‹jÃ¤Å‹. Faili haijaharibika, Excel imekosea kubahatisha mfumo wa herufi. Mwambie Python aandike kwa "utf-8-sig", alama ndogo isiyoonekana itatangulia mbele ya faili na Excel itashika adabu. Kuna mtego mwingine: ä yaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama a iliyofuatwa na nukta zake. Machoni ni ileile, kwa kompyuta ni vitu viwili, na mtoto mmoja anaweza kuandikishwa mara mbili. Moduli ya unicodedata huzipatanisha. Lakini ɛ̈ haijapewa herufi yake moja kwenye Unicode. Python huihesabu mbili, utake usitake.

Vilivyoingia hutolewa pia. Python 3.13 ya Oktoba 2024 iliondoa moduli 19 kwa mpigo, zikiwemo za faili za zamani za sauti.

Mwisho, saa. Usiku wa kuingia Februari 1, 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma: saa sita ikawa saa tano, ikaachana na Kampala na Nairobi. Moduli ya zoneinfo ilikuwa imeingia Python 3.9 miezi minne tu kabla. Lakini moduli ni msomaji. Kanuni za saa huzikuta kwenye kompyuta, na Windows haina nakala anayoielewa. Andika ZoneInfo("Africa/Juba") humo na utajibiwa kwamba eneo hilo halipo, mpaka ushushe kifurushi cha tzdata. Hakifiki hata MB 1.